Nchi Iliyoruka Tatu

Ipo nchi moja, jina lake silitaji, maana ukilitaja wakubwa wake hukohoa. Ni nchi njema sana. Watu wake wote ni sawa, na imeandikwa hivyo kwenye ukuta wa kila ofisi, kwa rangi ya mafuta ili mvua isifute. Katika usawa huo kuna watu wa Mwinuko, ambao ndio wenye ofisi, na kuna watu wa Bondeni, ambao ndio waliozipaka rangi.

Watu wa Bondeni ni weusi kuliko wenzao. Si kosa lao wala si sifa yao. Jua la huko chini halina mzaha. Babu zao walipandishwa Mwinuko kuchimba mifereji, wakachimba, maji yakafika. Watu wa Mwinuko walipokwisha kunywa, wakafuta midomo, wakawatazama vizuri, wakawapa jina: Masizi. Mmoja wao, Sizi. Yaani kile cheusi kinachoganda kwenye tako la sufuria.

Siwatu alikuwa mtu wa Bondeni, mpishi wa Shule ya Msingi Mapatano. Kwa miaka kumi na mmoja aliwapikia uji na maharage watoto mia nne, na kwa miaka hiyo yote hakuna aliyemwita Siwatu. Walimu walisema, "Masizi, chai." Watoto walisema, "Bibi Masizi, niongeze." Naye aliongeza. Alikuwa na subira, na subira ya mpishi ni ndefu, maana maharage hayaivi kwa kelele.

Lakini alikuwa na mjukuu, Zawena, mtoto wa darasa la pili. Mama yake Zawena alikuwa nchi za mbali akifanya kazi za ndani, kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili tu, bibi na mjukuu. Kila asubuhi Mwalimu Shadhili, mtu wa Mwinuko na mcheshi sana kwa maelezo yake mwenyewe, aliita majina daftarini. Aliyaita yote kama yalivyoandikwa. Akifika kwa Zawena alisema, "Sizi Dogo!" Darasa likacheka, Zawena akasema, "Nipo," siku ikaendelea.

Hata asubuhi moja Zawena hakusema nipo.

"Sizi Dogo!"

Kimya.

"Hayupo," akasema Mwalimu Shadhili, akiwa anamtazama usoni, akatia alama.

Nyumbani bibi yake akamuuliza, "Mbona huitiki, mama?"

"Hajaniita."

"Amekuita. Mimi nimesikia mpaka jikoni."

"Huyo aliyeitwa mimi simjui, bibi. Na nikienda kumwitikia huyo, Zawena ataitikiwa na nani?"

Siwatu akapuliza moto, na moto wenyewe ulikuwa unawaka vizuri tu.

Sasa nchi ile ina kanuni nzuri: mwanafunzi asiyeitika siku arobaini za shule hufutwa daftarini, na akishafutwa hapokelewi na shule nyingine yoyote, kwa kuwa serikali haiwezi kusomesha mtu asiyekuwepo. Zawena alikaa dawati la mbele, akanyoosha mkono, akapata tisa juu ya kumi. Daftarini hakuwepo. Siwatu akachovya kidole chini ya sufuria, akachora mstari mmoja kwenye ukuta wa jiko. Siku ya kwanza.

*

Kulikuwa na Ofisi ya Utatuzi wa Malalamiko, na ndani yake alikaa Bwana Tawalani, Mtatuzi wa Wilaya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni nazo zilikuwa zimempenda.

"Karibu, mama, karibu sana. Hapa ndipo penye utatuzi. Kaa."

Kiti kilikuwa kimoja na alikuwa amekikalia yeye. Siwatu akasimama.

"Sehemu ya kwanza. Jina la mlalamikaji?"

"Siwatu binti Mbwana."

Alipoliona jina lake linaandikwa kwa kalamu ya serikali, herufi baada ya herufi, alijisikia kama mtu aliyepewa maji ya kunywa ugenini.

"Sehemu ya pili. Andika kwa ukamilifu neno ulilotukanwa."

"Neno lenyewe si limekatazwa?"

"Limekatazwa kabisa, mama! Kulisema au kuliandika ni miezi sita."

"Sasa nikiliandika hapa?"

"Miezi sita."

"Na nisipoliandika?"

"Fomu haijajazwa." Bwana Tawalani akatabasamu kwa huruma. "Lakini usihofu, serikali imelifikiria hilo. Unaruhusiwa kueleza bila kutaja."

Siwatu akafikiri. Akainua kidole chake cha shahada akamwonyesha ukucha, ambao chini yake mlikuwa na masizi ya asubuhi ile. Bwana Tawalani akainama, akautazama kwa makini, kisha akaandika kwa mwandiko mzuri sana: *Mlalamikaji amemwonyesha afisa kidole.*

Akapewa onyo, nakala mbili.

Hata hivyo shauri lilichunguzwa, maana nchi ile haidharau mtu. Ilikuja tume ya watu saba, ikala maharage yote ya watoto, ikamhoji Mwalimu Shadhili.

"Je, mwalimu, umewahi kumwita mpishi au mjukuu wake kwa neno lililokatazwa?"

"Mimi?" akasema Mwalimu Shadhili. "Wazee wangu, mimi nilikuwa nasema na sufuria."

Tume ikaenda jikoni kumhoji huyo sufuria. Wakamuuliza kama ameumizwa na neno. Wakampa muda wa kutosha. Katibu akaandika: *Sufuria haikulalamika.* Shauri likafungwa, na sufuria ikasifiwa kwa uvumilivu. Siwatu alikuwa amesimama hapohapo pembeni akishika mwiko. Hakuna aliyemwuliza kitu, ila mjumbe mmoja alimuomba maji ya kunawa.

Mistari ukutani ilikuwa minane.

*

Wizara ya Maneno Mazuri, huko mji mkuu, ilisikia kwamba wananchi wanashindwa kujaza fomu, ikasikitika. Ikatoa waraka. Kuanzia siku hiyo maneno yaliyokatazwa yangetajwa kwa namba. Neno la Kwanza lilikuwa lile linalohusu tumbo la Rais. Neno la Pili, lile linalohusu nywele za Waziri. Na lile walilotukanwa watu wa Bondeni kwa miaka themanini, hilo likapewa heshima ya Neno la Tatu.

"Umeona, mama?" Bwana Tawalani alimwambia Siwatu. "Sasa unaweza kulalamika bila kosa."

Siku mbili hazikupita. Siwatu alikuwa anakoroga uji akasikia watoto wanacheza uani, na mmoja anamzomea Zawena, "Tatu! Tatu hao!" Asubuhi iliyofuata Mwalimu Shadhili alifungua daftari, akakohoa kwa adabu, akaita, "Tatu Dogo!"

Zawena akanyamaza. Alama ikatiwa.

Siwatu akarudi ofisini. "Ameitwa tatu."

"Tatu ni hesabu, mama."

"Bwana Mtatuzi, hesabu haichekwi na darasa zima."

Bwana Tawalani akaweka kalamu chini. Alilipima neno lile, akaliona lina uzito, akauandikia mji mkuu. Na ndipo serikali ilipoonyesha kwamba ikiamua jambo, imeamua. Tatu ikapigwa marufuku.

Yote, popote ilipo. Darasa la pili likafuatwa na darasa la nne. Watoto wakafundishwa upya: moja, mbili, nne. Mafiga ya jikoni yakaitwa mafiga mawili na mwenzao. Wanawake walioitwa Tatu na wazazi wao, nao ni wengi, walipanga foleni kubadilisha majina. Muuza vitumbua wa sokoni akatoka na cheti cha Bi Mbili-Kasoro-Nne, na hesabu yake mpaka leo hakuna aliyeielewa. Jumatatu ikafutwa. Jumapili mtu alilala, akaamka Jumanne, na wafanyakazi wa ofisi walipokea mabadiliko hayo kwa uzalendo mkubwa.

Na kwa kuwa waraka ulisema "popote ilipo", wakaguzi waliitafuta hata ndani ya maneno mengine. Wakaikuta ofisini kwa Bwana Tawalani, katikati kabisa ya utatuzi. Fundi akaja na ngazi, akakwangua. Kibao kikabaki OFISI YA UZI WA MALALAMIKO. Mafundi cherehani walianza kufika tangu alfajiri wakitaka kujua uzi wenyewe ni wa rangi gani. Bwana Tawalani mwenyewe, aliyekuwa Mtatuzi wa Wilaya, akawa Mzi wa Wilaya. Alivumilia. Ila mke wake, wanasema, alikaa siku kadhaa bila kumtazama.

*

Hapo ndipo Siwatu alipojua upweke ulio mzima, maana ule wa mwanzo ulikuwa na mapengo.

Zamani walimtukana, sasa walimkwepa. Sokoni akisimama, mstari ulijisogeza kama maji yanayokwepa jiwe. "Ndiye huyo aliyekula siku yetu," walisema. "Kwa ajili yake mwanangu ameruka darasa, sasa hajui kugawanya." Hata watu wa Bondeni, wenzake, jirani za ukuta kwa ukuta, hawakuwa radhi naye. Alikuja Bi Mashavu, ambaye walikuwa wakiazimana chumvi, akasimama mlangoni asiingie.

"Siwatu, ungenyamaza tu. Sisi wote tumeitwa, tumeitika, tumezeeka. Wewe umekuwa nani?"

"Mimi sijawa mtu, Mashavu. Ni mtoto ndiye anayetaka kuwa."

"Basi mwambie aitike. Neno halitoi damu." Akaenda zake, na chumvi hakuomba tena.

Hata hodi ilikuwa imeharibika. Mtu wa nchi ile alikuwa akibisha hodi mara tatu. Sasa alibisha mbili akaondoka, akiogopa sheria. Siwatu magoti yake yalikuwa ya kuinuka taratibu, na yalizoea kumfikisha mlangoni kwenye hodi ya tatu. Mara mbili au zaidi alifika akakuta kizingiti kitupu na nyayo zinazokwenda. Hakujua alikuwa nani, wala alikuja na jambo gani.

Jioni alimsikiliza Zawena akisoma kitabu kwa sauti. Nyumbani mtoto aliongea kama cherehani. Shuleni, tangu siku ile, hakuwa ametoa neno hata moja. Alikuwa ananyoosha mkono tu, na mkono haukuulizwa.

Siwatu alihesabu mistari. Thelathini na tano. Zilibaki siku tano, naye alikuwa na mpango: kesho yake Waziri wa Maneno Mazuri angefika shuleni kwa sherehe, na sherehe ikiisha angepanda gari la kwenda mji mkuu, akae mlango wa wizara mpaka mtu mmoja aandike barua kwamba mtoto aitwe jina lake. Siku nne za kukaa mlangoni zingemtosha. Alikuwa mpishi, alijua kungoja.

*

Sherehe ilikuwa ya ushindi. Wilaya ilikuwa haijapokea lalamiko hata moja tangu sheria mpya, kwa sababu sehemu ya pili ya fomu sasa haikuwa na neno lolote linaloweza kuandikwa. Kwa hiyo matusi yalikuwa yamekwisha. Siwatu aliamka kupika pilau, na ilipowekwa chini, akaja Mwalimu Shadhili jikoni akiwa na daftari kwapani, amevaa tai.

"Mpishi. Nimekuja kumuaga mjukuu wako. Leo ndiyo ya arobaini."

"Leo thelathini na sita, mwalimu. Ukuta huu hapa."

"Hesabu kisheria," akasema kwa upole. Akakunja vidole. "Moja, mbili, nne. Kumi na mbili, kumi na nne. Ishirini na mbili, ishirini na nne. Thelathini na mbili, thelathini na nne. Siku nne hazipo, mama. Zimefutwa kwa ajili yenu."

Siwatu akautazama ukuta. Siku zake nne za kukaa mlangoni zilikuwa zimeliwa na sheria iliyotungwa kumlinda.

Kabla hajapata pumzi, akaja Bwana Tawalani na karatasi. Yeye, Siwatu, alikuwa kwenye ratiba: atapanda jukwaani ashukuru kwa niaba ya walioumizwa. Maneno yalikuwa yameandikwa kwa herufi kubwa ili ayamudu: *MIMI MPISHI NASHUKURU. SISIKII TENA KITU.* Wakamvua aproni, wakamvika kanga mpya. Mpiga picha akalalamika kwamba mama huyu hatoki kwenye picha, basi akaletwa msichana wa wizara na kopo la poda, akampaka uso mzima mpaka akatoka. Kisha wakamketisha mwisho wa jukwaa, kiti kimoja kando, ili Waziri asiguswe na moshi wa nguo zake. Karibu yake alikaa Mwalimu Shadhili na daftari, kwa kuwa angepewa nishani ya Mwalimu Mwenye Ulimi Safi.

Waziri akasimama. Alikuwa na sauti nene na karatasi iliyokaguliwa.

"Ndugu wananchi! Wako wanaouliza, serikali hii kazi yake ni nini? Nawajibu bila kificho." Hapo akafika penye neno *kutatua*, nalo kwenye karatasi lilikuwa limekwanguliwa kisheria. Akasoma kilichobaki. "Kazi yetu ni kua matatizo!"

Watu wakasikia "kuwa matatizo". Wakatazamana. Hawakuwahi kusikia wizara ikisema ukweli kwa uwazi namna ile, wakapiga makofi ya dhati, wengine wakasimama.

"Tulianza kua matatizo yenu jana," akaendelea Waziri, amechangamka, "na tutaendelea kuyaua... kuyakua, mpaka kizazi kijacho!"

Kisha wakamwita mpishi. Hawakumwita Siwatu, walisema, "Sasa mwakilishi wa walioumizwa."

Akasimama mbele ya kipaza sauti na uso wake mweupe wa poda. Karatasi ilikuwa mkononi. Aliwatafuta watoto wa darasa la pili kwenye vumbi la uwanja, akamwona Zawena mstari wa mbele, magoti pamoja, mdomo umefungwa. Akafikiri: nikisoma hii, kesho hayupo. Akaikunja karatasi.

"Zawena binti Athumani!"

Sauti ikapiga kuta za madarasa, ikarudi. Mtoto akainua macho, lakini mdomo haukufunguka. Siku zile zote, ule mdomo ulikuwa umejifunza kukaa kimya mahali pale.

"Zawena binti Athumani."

Kimya. Waziri akamwinamia Bwana Tawalani. "Huyu anasoma wapi kwenye karatasi?"

Bwana Tawalani akafika kwenye kipaza sauti, akanong'ona, "Mama, umeita mara mbili. Inayofuata kisheria ni ya nne, na ratiba haina nafasi ya nne."

"Bwana Tawalani," akasema Siwatu, na kipaza sauti kikawapelekea wote, "mimi naita ya tatu."

Watu wakaziba masikio ya watoto wao.

"Zawena," akaita. Hakupaza sauti, aliita kama mtu anayemwita mwenzake aje ale chakula kisipoe. "Zawena, mama."

"Abee, bibi!"

Ilikuwa sauti ndogo, kavu, kama mlango uliokaa muda bila kufunguliwa. Lakini ilifika jukwaani.

Mwalimu Shadhili akacheka. "Hiyo haihesabiki. Mwenye kuita ni mimi."

Hapo macho yakamgeukia Bwana Tawalani, na Bwana Tawalani, maskini, alikuwa mtu wa kanuni. Akatoa kitabu mfukoni, akalamba kidole, akafunua. "Kanuni ya kumi na nne," akasoma, na uso wake ukionyesha kwamba angependa sana isomeke vingine, "*Mwanafunzi atahesabiwa yupo iwapo jina lake lililomo daftarini litaitwa, akaitika, mbele ya mwalimu wake.* Haisemi aite nani, mheshimiwa. Na haisemi aitike neno gani." Akafunga kitabu. "Yupo."

Mwalimu Shadhili akaandika, mbele ya Waziri na mpiga picha.

Kisha Bwana Tawalani akafunua ukurasa mwingine, kwa sauti ileile, akamsomea Siwatu kanuni inayomfukuza kazi mtumishi aliyetamka hesabu iliyokatazwa hadharani. Hakuna aliyepiga makofi. Siwatu aliteremka, akanawa poda kwenye ndoo ya jikoni, akavaa aproni yake, akakumbuka si yake tena, akaivua. Pilau walikula wengine.

*

Kesho yake Zawena alikwenda shule peke yake, na mkoba. Siwatu alisema atabaki nyumbani. Alifagia mahali palipofagiwa. Mwisho akajifunga kanga, akatoka, akaenda kusimama nyuma ya uzio wa michongoma, upande ambao mlinzi haangalii. Ndani walikuwa na mpishi mpya, mtu wa Bondeni. Moshi wake ulikuwa mwingi, alikuwa hajalijua lile jiko.

Mwalimu Shadhili aliita majina. Sizi hakuthubutu, na tatu hakuthubutu, na lile jina lenyewe ulimi wake ulilikataa. Akamwita aliyetangulia. Akaitika. Akamwita aliyefuata. Katikati hakusema kitu kabisa.

Siwatu akashika uzio, miiba ikamwingia. Akajua kwamba siku zimeanza upya, na kwamba safari hii hakuna hata neno la kulalamikia.

Kisha darasani, katika kile kimya, ikatoka sauti ya mtoto. Siyo ya Zawena. Ilikuwa ya msichana wa Mwinuko, kwa lafudhi ya huko juu, mtoto aliyeudhika tu kuona kazi imefanywa vibaya.

"Mwalimu, umemruka Zawena."

"Kaa chini."

"Lakini umemruka. Mwalimu, Zawena yupo. Si huyu hapa?"

Na mwingine, nyuma: "Kweli, umemruka Zawena."

Siwatu akageuka aangalie nani wa kumwambia. Njia ilikuwa tupu. Jirani walikuwa ndani na milango yao, binti yake alikuwa ng'ambo ya bahari, na simu yake ilikuwa ya mwisho wa mwezi tu. Akasimama kidogo, kidole kinatoka damu.

"Umesikia?" akasema kwa sauti.

Akangoja, kama mtu mwenye adabu.

"Nimesikia," akajijibu, akashika njia ya nyumbani.